Jaza Hapana

3 Februari

Binamu Kobe,

Shikamoo ya nusu, maana umenipita miaka michache tu, na nusu nyingine nitakupa siku utakayojibu barua kwa wakati. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, anasema miguu imepungua kuvimba tangu aache kusimama dukani kutwa. Mdomo haujapungua. Mjomba, baba yako, hajambo ila mikono inazidi kumtetemeka. Asubuhi namfunga vifungo vya shati, naye hutazama dari ili tusionane machoni. Juzi akanung'unika kwamba mpanga herufi mzima, aliyepanga vitabu vya shule vya watoto wa nchi nzima, sasa anavalishwa kama anakwenda chekechea. Nikamwambia chekechea hawapokei wanaovuta tumbaku. Akacheka mpaka akakohoa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ya nyumba hii unaijua, ni mkutano wa hadhara. Mjomba anataka spika iwekwe, Mama anajibu maswali niliyoulizwa mimi, na mwisho wa yote hakuna aliyesema alichotaka kusema.

Sasa hoja yangu. Tangu mkataba wa kule nilikokuwa naingiza takwimu ulipokwisha, natafuta kazi ya kutengeneza kurasa za tovuti, ule upande ambao mtu anauona na kuugusa, yaani ufundi ulionifundisha wewe kwenye ile kompyuta ya chumbani kwako. Nimeomba mpaka vidole vimeota sugu. Kampuni moja ilinitaka nipakie wasifu wangu, halafu fomu ikaniambia niandike upya kila kilichomo kwenye wasifu, kisanduku kwa kisanduku, na kisanduku cha tarehe kilikuwa kibovu. Yaani wanatafuta fundi wa fomu kwa fomu mbovu. Nikawaandikia tatizo liko wapi na dawa yake nini. Wakanijibu, kwa anwani isiyopokea majibu, kwamba sina uzoefu wa kutosha. Nyingine ilitangaza nafasi ya mtu anayeanza, sharti awe ameifanya kazi hiyo miaka mitano. Huko kuanza wanaanzia tumboni?

Nyingine tena nilisailiwa na kamera. Mtu hakuna, Kobe. Swali linatokea kwenye skrini, saa inarudi nyuma, nawe unatabasamu na sura yako mwenyewe. Mama akapita nyuma yangu na beseni la nguo, akaona mwanawe anazungumza na wakubwa, akawaamkia. Hakuna aliyemwitikia. Alinuna siku nzima, akisema hao watu hawana adabu na nisiende hata wakiniita. Hawakuniita.

Nasikia pale kwenu mnatafuta mafundi wawili wa kurasa. Niombe? Na nikiomba, utasema neno? Sitaki unibebe. Nataka mtu mmoja tu mle ndani ajue kwamba nyuma ya wasifu ule kuna binadamu.

Nisalimie huko, kama kuna wa kusalimiwa.

Mtani wako,
Chiriku


19 Februari

Chiriku,

Marahaba nzima. Sipokei nusu. Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi nipo, afya ipo, kazi ndiyo zaidi. Chumba nilichohamia kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi vizuri, kwa hiyo silalamiki. Mwambie Baba nakula, maana najua ataanzia hapo. Mwambie Shangazi asirudi dukani hata wakimwita kwa magoti. Na kuhusu kuchelewa kujibu, nisamehe, huku vikao vinazaa vikao.

Omba. Kwa nini usiombe? Unaiweza hii kazi, na silisemi hilo kwa undugu. Utaratibu wa hapa ni mzuri. Ukifika hatua ya jaribio la kufanyia nyumbani, kazi yako inapewa namba na jina linaondolewa. Wasahihishaji wawili wanaikagua bila kujua ni ya nani. Mimi ni mmoja wa wasahihishaji, lakini tuko wengi na kazi zinagawanywa kwa bahati.

Kuna jambo moja tu. Kwenye fomu utakuta kiswali, kama una ndugu anayefanya kazi hapa. Jaza hapana. Najua utanuna, lakini nisikilize. Mwaka jana mwenzetu mmoja alimleta shemeji yake, kijana mzuri tu, na mpaka leo kijana akikosea kitu watu wanamtazama aliyemleta. Mimi nami nimeanza kutajwa kwa ukuu wa kikundi. Ukijaza ndiyo na ukapata, watasema nimekubeba. Ukikosa, watasema hata ndugu yake hakufaa. Ukijaza hapana utaingia kwa jasho lako, na ukishaingia tutajua la kufanya. Kizuri chajiuza.

Hili usiniulize kwa simu.

Nakutakia kila la heri,
Kobe


8 Machi

Binamu Kobe,

Shikamoo kamili, kwa sababu leo nina furaha. Mama hajambo, Mjomba hajambo, bomba la jikoni halijambo baada ya kutuloweka siku mbili. Fundi bomba alikuja, akalitazama, akasema lilifungwa na mtu asiyejua kazi. Mjomba akachukua koleo zake akatoka. Alilifunga yeye.

Nimejaza hapana. Kidole kilisita, nisikufiche. Lakini wewe ndiwe mwenyeji wa huko na mgeni hamfundishi mwenyeji njia. Afisa ajira wenu akanipigia simu, akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, na nilipoanza kujibu nikasikia anamwambia mtu mwingine apunguze pilipili. Halafu nikafanyiwa jaribio la ana kwa ana, ingawa ana kwa ana kwenyewe msaili alizima kamera yake, mimi akataka niwashe yangu. Akaniambia nigeuze orodha ya namba juu chini huku nikieleza kwa sauti ninachowaza. Nilichokuwa nawaza ni kwamba tangu nizaliwe sijaona mteja anayehitaji namba zake zigeuzwe juu chini. Nikazigeuza. Akasema sawa. Kobe, nilipita!

Sasa nimemaliza lile jaribio la nyumbani. Walisema ni la mchana mmoja. Yeyote aliyesema hivyo ama hajawahi kulifanya ama kwao mchana hauishi. Ni ukurasa wa mtu kuweka miadi kliniki: achague siku, achague daktari, aandike anaumwa nini, atume. Nimeufanya kama ulivyonifundisha. Nilichomoa kipanya nikaupita wote kwa kibodi tu, mwanzo hadi mwisho, maana ulikuwa unaniambia, "Kama Baba hawezi kuutumia, basi ukurasa haujaisha." Na ndani, kwenye kila sehemu ya msimbo, yaani maandishi yanayouendesha ukurasa, nimeacha yale maneno ya fundi atakayefuata, kwa mtindo wetu uleule: "Wewe unayekuja baada yangu, ukigusa hapa angalia na pale." Nikakumbuka ulivyokuwa unanipiga kidole kichwani nikisahau kuyaandika.

Kabla sijautuma nikamketisha Mjomba. Akajiwekea miadi mwenyewe, kitufe kwa kitufe, bila kuniomba msaada hata mara moja, halafu akauliza huyo daktari atakuja lini. Nilipomweleza kwamba ni jaribio tu akautazama tena ule ukurasa, akasema, "Huu ni mkono wa mwanangu." Nikamwambia ni wangu mimi. Akasema, "Ndiyo. Ni huohuo."

Niombee.

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima. Mvua huku imekuwa nyingi na viatu vyangu vya kazini vimeharibika, nimenunua vingine. Msalimie Shangazi. Baba asiguse mabomba.

Kuhusu lile jambo sina la kusema, tuuache utaratibu ufanye kazi yake. Lakini nilitaka kukuuliza: yale maneno ya "wewe unayekuja baada yangu" ulikuwa na lazima ya kuyaweka? Watu wengi siku hizi hawayaandiki. Si lawama, nauliza tu.

Jambo lingine. Hizi barua zetu zinajaza nafasi bure kwenye kompyuta. Mimi zako nimezifuta. Futa na zangu, hasa ile ya Februari.

Kobe


10 Aprili

Kobe,

Salamu kutoka kwa wote. Mama anaumwa kichwa. Mjomba amelala. Mimi sijalala tangu juzi.

Majibu yamekuja. Nakunakilia jinsi yalivyo, kwa sababu nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi: "Tumejiridhisha kwamba kazi uliyowasilisha si yako. Kwa hiyo ombi lako limefungwa na hutaweza kuomba tena katika kampuni yetu." Basi. Chini yake kuna picha ya watu wanacheka wakiwa wamekaa kwenye mito ya rangi, na maneno kwamba wananitakia mafanikio.

Si yangu. Kobe, ningeambiwa ni mbaya ningekubali. Ningeambiwa nimechelewa, rangi hazipendezi, nimezidiwa na wengine, ningelia siku moja nikaanza upya. Nimeshakataliwa sana, nimekuwa sugu. Lakini mimi mwizi? Nimeiba kwa nani? Nilikaa kwenye kile kiti cha jikoni mpaka Mama akaniwekea mto mgongoni. Mama nimemwambia nimekosa, sikumwambia nimeitwa nani. Mjomba ananiuliza kila siku wamesemaje, namwambia bado.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayejua kwa hakika kwamba ile kazi ni yangu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kila mstari wake, na mtu huyo anakaa hatua chache kutoka kwa walioandika maneno haya. Nenda kawaambie. Sikuombi unipatie kazi tena. Kazi wampe wanayemtaka. Nakuomba wafute lile neno.

Ninajua nilijaza hapana. Nitakubali kosa hilo, nitawaambia niliogopa kuonekana nabebwa, sitasema nani aliniambia. Wewe sema tu unanijua.

Barua yako ya Februari sijaifuta. Sijui kwa nini uliniomba niifute. Mama alikupa jina la Kobe kwa sababu ukiguswa unaingiza kichwa. Safari hii usiingize.

Chiriku


27 Mei

Chiriku,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Nimesikia kwa Shangazi kwamba kichwa kimepoa, nimefurahi. Mweleze asiache miwani, maumivu mengi ya kichwa ni macho. Huku baridi imeanza. Jirani amepaka ule ukuta upya, sasa ni wa kijani, kidogo unaumiza macho lakini nitazoea. Nilikuwa na mafua wiki nzima. Chakula cha kantini kimebadilika, mpishi mpya anazidisha chumvi, tumemlalamikia.

Kuna habari njema: tangu mwezi huu nimepewa ukuu wa kikundi. Nina watu saba chini yangu. Mwambie Baba taratibu, asije akapandisha presha kwa furaha.

Lile jambo lako nimelifikiria sana. Mambo ya ofisi ni mazito kuliko yanavyoonekana ukiwa nje. Neno likishaandikwa, kulifuta kunafungua mengine, na mengine hayo hayamsaidii mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza. Ile fomu ina saini yako. Nakushauri uendelee kuomba kwingine. Kampuni ziko nyingi, nimekuandikia chini majina ya tatu, ila usinitaje. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Wewe bado kijana.

Kobe


15 Juni

Binamu,

Hongera ya ukuu. Mjomba nilimwambia taratibu kama ulivyoagiza, na yeye akawaambia majirani kwa kasi. Mwenye duka la vifaa vya umeme anajua una watu saba. Mwosha magari wa pale kona anajua. Mjomba amevaa shati jeupe siku mbili mfululizo, na hana mahali anapokwenda. Mama amefurahi pia, anasema marehemu mama yako angeona. Kichwa chake ni kweli kilikuwa macho. Hapo ulisema sahihi.

Sasa nikueleze yaliyonipata, nawe ukae kwenye kiti chako kipya.

Niliitwa usaili kwenye kampuni nyingine, haimo kwenye yale majina yako matatu. Aliyenisaili ni dada mmoja mrefu mwenye miwani, mtu mzima, mpole. Alifungua kazi zangu nilizoziweka mtandaoni, akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. Akaniuliza kama mwezi wa tatu nilituma mahali fulani ukurasa wa miadi ya kliniki. Nikasema ndiyo. Akaniambia mpaka Aprili alikuwa anafanya kazi pale kwenu, na ndiye aliyekuwa msahihishaji wa pili wa kazi yangu. Wa kwanza ulikuwa wewe.

Sikumwuliza chochote. Alisema mwenyewe. Alisema ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za msimu ule, na kwamba alicheka alipoona yale maneno ya fundi anayefuata, kwa sababu pale ofisini ni mtu mmoja tu anayeandika hivyo. Akadhani mtu huyo, yaani wewe, ndiye aliyemfanyia mwombaji kazi. Wakamwita. Akaniambia, "Tulimwuliza mara mbili, huyu mwombaji unamjua? Akasema simjui. Akasema atakuwa amenakili kazi zangu za zamani zilizoko mtandaoni."

Kazi zako za zamani hazina ukurasa wa kliniki, Kobe. Hilo hata wao hawakulichunguza. Neno lako lilitosha.

Nikamwambia mimi ni nani kwako. Yule dada akatazama mlango, akanisogezea maji. Kisha akanieleza jinsi ilivyo. Anataka kuniajiri. Lakini hawezi kumficha mkuu wake kwamba niliwahi kufungiwa mlango kwa udanganyifu, maana yeye mwenyewe alikuwepo. Akasema, "Binamu yako aandike mstari mmoja tu. Kwamba kazi ile ni yako na yeye ndiye aliyekufundisha. Nikiupata huo, mkuu wangu ataelewa." Anwani yake nimekuwekea hapa chini.

Barua yako ya Februari ninayo. Ningemwonyesha palepale mezani yangekwisha. Lakini ingekumaliza wewe, na ingemfikia yule aliyevaa shati jeupe. Sikuitoa. Nimekupa nafasi uliyoninyima.

Mstari mmoja. Nimekwisha kuutunga ili usipate taabu: "Kazi ile ni yake, mimi nilimfundisha." Nasubiri, naye anasubiri.

Chiriku


4 Julai

Chiriku,

Salamu kwa Baba na Shangazi. Nashukuru kwa habari za shati jeupe, nimecheka peke yangu. Mimi mzima, ingawa usingizi umekuwa wa shida.

Nimemwandikia yule dada. Sitaki udhani nimekutupa, kwa hiyo nakunakilia nilichoandika: "Ninamfahamu mwombaji kifamilia tangu utotoni. Ni mtu mwenye bidii, nidhamu na heshima kwa wakubwa. Ninaamini ataifaa kampuni yoyote itakayompa nafasi. Wako, Mkuu wa Kikundi." Nimeisoma mara nyingi kabla ya kuituma, na naona ni barua nzuri.

Hilo la kazi yenyewe sikuligusa. Ninajua ndilo uliloniomba. Nikiandika kwamba nilikufundisha, nimeandika kwamba nilidanganya nilipoulizwa, na barua ya aina hiyo haikai mahali pamoja. Yule dada ni mwema lakini ana marafiki huku. Nina watu saba, Chiriku. Wananitazama. Yule kijana, shemeji wa mwenzetu, yumo kwenye kikundi changu, na wiki iliyopita nilimkanya kwa uzembe mbele ya wenzake. Nikimkanya kesho atanicheka.

Siku ile waliniita ghafla. Niliingia nikidhani ni kikao cha kawaida. Walikuwa watatu, na ukurasa wako uko ukutani, mkubwa, na maneno yangu yamo ndani yake. Nilikuwa nimeshajua ni wewe tangu nilipoikagua kwa namba tu. Sijui nieleze vipi. Mdomo ulitangulia.

Najua una ile barua. Najua pia hutaitumia. Mimi ndiye ninayekujua.

Kobe


1 Agosti

Kwa binamu yangu,

Baba yako hajambo. Mama hajambo. Salamu zangu mimi sina.

Yule dada aliisoma barua yako mbele yangu, akaigeuza kana kwamba kuna upande wa pili. Akaniuliza kama ndiyo hiyo tu. Nikasema ndiyo hiyo tu. Nilimwomba anifungie chumbani na kompyuta yao nifanye ukurasa uleule upya wakinitazama, na akaenda kweli kumwuliza mkuu wake. Alikaa sana. Aliporudi akasema mkuu anasema hawana shaka kwamba ninaweza, shaka yao ni ya uaminifu wangu. Akanisindikiza mpaka mlango wa nje, akanipa mkono na pole kama ya msiba. Nadhani ni mara ya kwanza katika safari hii yote mtu kunipa mkono.

Sijaacha kuomba. Wiki ijayo nina usaili mwingine, na mwingine baada ya huo. Ila nimebadilisha kitu. Nimepita kwenye kazi zangu zote na kufuta yale maneno ya fundi anayekuja baada yangu. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Sasa msimbo wangu hauzungumzi na mtu, uko kama wa watu wote. Atakayekuja baada yangu atajijua. Niliona ni bora hivyo kuliko siku moja mtu mwingine afungue kazi yangu, amwone mwingine ndani yake, akaulize kwenu.

Umeandika kwamba unanijua, na kwamba sitaitumia ile barua. Kweli, sitaitumia. Lakini usijisifu kwa kunijua. Uliitwa unijue mahali pamoja tu, na siku moja tu.

Nikueleze la mwisho, kwa sababu linakuhusu. Jana nilimpeleka Mjomba kliniki. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, foleni haisogei, naye akaanza kumsimulia muuguzi habari zako, watu saba, ofisi ya ghorofani. Yule muuguzi akanionyesha mimi kwa kidevu, akauliza, na huyu? Mjomba akasema ni binti wa dada yangu, naye anajua kazi hiyohiyo, anahangaika kutafuta. Muuguzi akashangaa. Akasema kaka mtu yuko juu huko, si amvute mdogo wake?

Mjomba akanigeukia. Nikaona limemwingia, kwamba hajawahi kulifikiria. Akaniuliza, mbele ya watu wote wa benchi lile, kwa nini sikukwambia wewe unishike mkono.

Nikamwambia sikutaka kukusumbua.

Akanigombeza. Si kidogo. Aliniambia nina kiburi, kwamba nimeanza kukusahau kwa kuwa uko mbali, kwamba ndugu hawaishi hivyo. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akaiweka chini ya mapaja ili nisiione. Halafu akasema kwa upole, "Ungemwambia tu, mama. Mwanangu hawezi kumkana ndugu yake."

Nikasema ni kweli, Mjomba. Nikaomba radhi. Anaamini nimekosa kazi kwa kiburi changu, na hivyo ndivyo nitakavyomwacha aamini. Jumapili atakapokupigia, spika itakuwa imewekwa na Mama atakuwepo. Atakwambia unisamehe.

Nawe utanisamehe, kwa sauti, wasikie.

Binti wa shangazi yako